Namna ya kumwambia mtu kitabu unachosoma saivi mpaka na yeye akitafute

Juzi kwenye daladala ya kutoka Tabata kulikuwa na mdada kakaa pembeni yangu, nikaona anasoma kitabu changu, yani anasoma kabisa siyo kuchungulia, mpaka ikafika hatua nikimaliza ukurasa namsubiri kidogo ndo nafunua. Tulivyokaribia Buguruni akaniuliza, samahani dada, hicho kinaitwaje? Nkamwonyesha jalada, akapiga picha, akashuka. Hatukuongea kingine chochote. Nimekaa nayo hii kitu kichwani wiki nzima, kwa sababu mi niko kwenye grupu la wasapu la wasoma vitabu, kila siku watu wanarusha picha za majalada wanaandika "kitabu kizuri sana, kisomeni" na hakuna anayekitafuta. Ila huyu mdada kasoma kurasa nne za kuibia tu, tena kwenye foleni, akatoa simu.

Sa ndo nataka kueleza hapa ninavyofanya mimi, nimejaribu kwa miaka kadhaa na watu tofauti tofauti, ndugu, majirani, watu wa kazini, na ninachoamini kabisa ni hiki: kitabu anapendekezewa mtu, halipendekezewi grupu. Na muda mzuri wa kukipendekeza ni pale bado uko katikati unakisoma.

Nianze na hilo la katikati. Wengi wetu tunasubiri tumalize kwanza, tunaona ndo heshima, utasifiaje kitu hujakimaliza. Lakini ukishamaliza kitabu unakuwa umetulia, ushajua nani kafanya nini, ukiulizwa unatoa maelezo kama unajibu mtihani wa fomu foo, dhamira, wahusika, mandhari. Ukiwa katikati bado una wasiwasi na watu wa mle ndani, unaenda kazini unawaza hivi yule binti atafanyaje, na hiyo hali ndo inamwambukiza mwenzio. Kwahiyo usisubiri. Ila taja ukurasa uliopo. Sema "niko ukurasa wa 84, sijui kinaishaje". Maneno hayo mafupi yanafanya kazi mbili, kwanza unakuwa mkweli kwamba hujakimaliza, pili yule mtu anaona kumbe anaweza akaanza akakukuta njiani, mkawa mnaenda wote.

Alafu chagua mtu. Mmoja. Nitoe mfano wa jirani yangu, baba mmoja mtu mzima kidogo, anafanya kazi bandarini kwa zamu. Yeye alikuwa ananiona nimekaa kibarazani na kitabu ananiambia mwanangu unajiandaa na mtihani gani, maana kwake kitabu na mtihani ni kitu kimoja. Nilishawahi kumpa riwaya moja ya mapenzi, nzuri tu, ikakaa kwake miezi miwili akairudisha na vumbi lake. Kosa lilikuwa langu, nilimpa kitabu ninachokipenda mimi. Sa mwaka huo nikawa nasoma Kuli ya Adam Shafi, ile iliyotoka 1979, inamhusu kijana anaitwa Rashidi anaingia kwenye kazi ya ukuli bandarini Unguja, na humo ndani umo mgomo wa 1948 wa makuli kule Zanzibar, mgomo uliotokea kweli. Nkamfuata jioni nkamwambia, mzee shikamoo, nasoma habari za makuli wa bandari ya Unguja enzi za Mwingereza, wanabeba magunia mgongoni, na kuna mahali nataka nikuulize wewe unayeijua kazi. Nkamsomea aya moja ya ubebaji mizigo. Akanyamaza. Alafu akaanza kunieleza yeye, jinsi alivyoanza kazi, jinsi bega linavyouma siku ya tatu siyo ya kwanza. Tulikaa pale mpaka adhana ya Isha. Kesho yake asubuhi akanigongea, kile kitabu ushamaliza?

Unaona sikumwambia kitabu kizuri. Nilimuuliza kitu anachokijua yeye. Ukitaka mtu asome, tafuta kwenye kitabu kile kipande kinachogusa maisha yake, kazi yake, kijijini kwao, ugomvi wake na mkwe, kisha anzia hapo. Mtu wa Ukerewe mwambie kuna riwaya ya kwao. Mama mwenye mabinti mwambie kuna baba mkali humu, nataka nione wewe ungefanyaje. Hii inahitaji umfikirie mtu kidogo kabla hujafungua mdomo, dakika tano tu za kukaa na kumuwaza fulani anapenda nini, na kusema ukweli hizo dakika tano ndo watu hawazitoi.

Tuje kwenye maneno yenyewe sasa, unasema nini. Sheria yangu ni kusimulia mlango tu, nyumba nzima hapana. Mlango ni lile tatizo la mwanzo, linalojulikana ndani ya kurasa chache za kwanza. Chukua Vuta N'kuvute, ya Adam Shafi huyohuyo, 1999. Naweza kukuandikia ujumbe hivi: "Shosti kuna kitabu nasoma, Zanzibar ya miaka ya hamsini, binti wa Kihindi mdogo anaozeshwa mwanaume mwenye umri wa baba yake, na yeye hamtaki, hamtaki kabisa. Niko ukurasa wa 40. Nakuwaza wewe ulivyokuwa unasimulia ndoa ya bibi yako." Basi, imeisha. Hapo kuna mahali, kuna mtu, kuna tatizo, na kuna sababu kwa nini nakuandikia wewe na siyo mwingine. Usiongeze "alafu baadaye". Neno "alafu baadaye" likishakutoka tu ujue unamwaga ubuyu, na mtu aliyeshajua mwisho hana haraka ya kuanza mwanzo. Kuna watu wataniambia mbona filamu yake ilishatoka 2021 watu wanajua kila kitu, sawa, lakini hata aliyeiona filamu anastahili akute mwenyewe vile mwandishi alivyosema kwa maneno.

Kuna mtu aliwahi kutoa mwisho wa riwaya ya upelelezi kwenye grupu letu, saa tatu asubuhi, wenzake wako sura ya tatu. Nilikuwa nimelala na kile kitabu kwenye mto siku nne naogopa kujua muuaji. Nilisikitika kweli. Tangu hapo kwenye grupu tuliwekeana utaratibu mmoja tu, mtu kabla hajaandika anaanza na namba ya ukurasa. "Uk. 112" alafu nafasi, mistari kama kumi hivi ya nukta zikishuka, ndo maneno yaje chini, ili aliye ukurasa wa 50 asiyaone bila kutaka. Ni kitu kidogo ila kimeokoa urafiki.

Na kama mtu yuko mbali? Mdogo wangu yuko Muscat anafanya kazi, muda wake wa kupumzika ni usiku. Yeye kusoma meseji ndefu hawezi, macho yamechoka. Kwahiyo namrekodia sauti. Hii mbinu naipenda kuliko zote na naomba nikae nayo kidogo.

Chagua kipande cha dakika mbili, usizidishe, ukienda dakika sita hatasikiliza atasema atasikiliza kesho. Usichukue ukurasa wa kwanza, mara nyingi mwandishi pale bado anapanga vitu. Na usichukue pale penye tukio kubwa. Tafuta mahali ambapo mtu anafanya kitu kwa mikono yake, anapika, anafunga mzigo, anafua, anampaka mgonjwa mafuta, maana hapo msikilizaji anaona picha hata kama hajui hadithi ilikotoka. Soma mara moja kimoyomoyo uone wapi utavuta pumzi. Zima feni, simu zinachukua sauti ya feni vibaya mno. Kabla ya kusoma sema sentensi moja tu ya kumweka mtu mahali pake, mfano mimi nilivyomsomea riwaya inayoitwa Peponi nilisema "Yusuf ana miaka kumi na mbili, kaondoka kwao na mtu anayemwita ami, na huyo ami siyo ami yake, ni tajiri anayemdai baba yake". Ukasoma, ukanyamaza. Usieleze kipande ulichokisoma. Kiache.

Alinipigia usiku uleule. Kilichomshika siyo hata hadithi, alisema dada, hiki Kiswahili ni cha nyumbani! Na ndo nkamwambia habari yake, kwamba Abdulrazak Gurnah ni mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli ya fasihi 2021, kitabu alikiandika kwa Kiingereza kikatoka 1994, na Kiswahili chake kilikuja 2022, mfasiri ni Ida Hadjivayanis, mchapishaji Mkuki na Nyota. Yani miaka 28 watu wa pwani walikuwa wanasimuliwa kwa lugha ya wengine kabla hakijarudi. Hizo habari za mwandishi na miaka na tuzo mpe mtu baadaye, akishapenda, akiuliza. Ukianza nazo unakuwa kama unamfundisha na mtu mzima hapendi kufundishwa wakati wa kupumzika.

Sasa kuna jambo linanipa shida mpaka leo, vitabu vyenye mambo mazito. Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa jinsi ilivyosema mambo ya wasichana na miili yao waziwazi, baadaye ikaja kukubalika na watu wakaisoma darasani. Mi naipenda sana. Lakini siwezi kumpa mtu tu hivihivi, kwa sababu sijui kapitia nini. Na nikimwambia kila kitu kilichomo nimeshamsimulia riwaya yote. Ninachofanya nauliza kwanza, kwa upole, "kuna mambo mazito humu ya wasichana na wanaume, na kuna kifo, uko sawa kusoma kitu kama hicho saivi au tusubiri?" Neno saivi ni la muhimu, linampa mtu nafasi ya kukataa bila kujieleza. Kuna rafiki yangu alinijibu tusubiri. Sikuuliza kwa nini. Mwaka uliofuata akanikumbusha mwenyewe, na tulivyokisoma pamoja ndo nkaelewa kwa nini alisema tusubiri.

Suala la lugha pia, maana wa bara wakishika riwaya ya Unguja wanakwama mapema wanasema kitabu kigumu. Usimwache akwame peke yake. Mwandikie maneno matano sita kwenye karatasi umuwekee ndani ya jalada, tungule ni nyanya, skuli ni shule, vitu kama hivyo, yale uliyokwama wewe mwenyewe. Mimi nayaandika wakati nasoma, kwa penseli, nyuma kwenye ukurasa mweupe wa mwisho. Anayekuja baada yangu anayakuta, na yeye anaongeza yake. Nina kitabu kimoja kina mwandiko wa watu wanne.

Mtu akishashikwa na hamu, mwambie anakipata wapi, hapohapo, usimwache akatafute. Hamu inakufa haraka. Kwa Dar sema nenda duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora, au nenda Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, ukiwa mwanachama unaazima unaondoka nacho. Kwa vitabu vya zamani vilivyoacha kuchapwa pita kwa wale wauza vitabu vya mtumba wanaopanga chini pembeni ya barabara mjini, ila uwe na subira na uwaachie namba yako. Kama ni mtu wa mkoani mtumie kwa basi, unafunga vizuri kwenye nailoni kwanza ndo bahasha, mvua ikinyesha buti za mabasi zinaingiza maji.

Na hapa nitasema kitu ambacho najua hakitapendwa. Mtu ukimsifia kitabu, cha kwanza atakachojibu ni "nirushie pidiefu". Tafadhali tusirushiane pidiefu za vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, vya waandishi ambao bado wanauza vitabu vyao. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ipo tangu 1999 lakini hata tukiacha sheria, mtu aliyekaa miaka mitatu anaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo wanunuzi wa riwaya wenyewe tunajijua tulivyo wachache, ukimsambazia kazi yake kwa watu mia mbili umemwambia asiandike kingine. Picha ya aya moja kumwonjesha mtu, hiyo sina ubaya nayo. Najua bei, kitabu kimoja kinazidi nauli yangu ya wiki. Ndo maana tunaazimana, ndo maana tunachanga. Sisi watatu tunachanga tunanunua kimoja, kinazunguka, mwisho wa mzunguko tunapiga kura kinabaki kwa nani.

Kuazimisha kuna utaratibu wake na nimejifunza kwa kupoteza. Kuna kitabu nilipewa na marehemu shangazi, kina jina lake kwa mwandiko wake ndani, nkamwazima mtu wa karibu, akahama, na kitabu kikaenda. Nililia, sioni aibu kusema. Kwahiyo cha kwanza, kitabu chenye kumbukumbu hakitoki nyumbani, mwenye kukitaka aje akae asome, chai ipo. Cha pili, kuwa na daftari. La kwangu ni lile dogo la kurasa 40 lenye jedwali la hesabu nyuma, naandika jina la kitabu, nani kachukua, tarehe, na siku ya kurudisha tuliyokubaliana, tena naandika yeye akiona. Siku ya kurudisha iwe siku yenye jina, "nirudishie kabla ya Idd" au "shule zikifunguliwa", kuliko kusema baada ya wiki tatu, wiki tatu hakuna anayezihesabu. Kijalidie kwa gazeti au karatasi ya kaki. Kitabu kilichojalidiwa mtu anakiona kina mwenyewe.

Baada ya hapo ni kufuatilia, na wengi tunaharibu hapa. Usimuulize "umesoma?" Hilo swali lina harufu ya mwalimu wa zamu, na jibu lake ni uongo au kukukwepa. Muulize kuhusu mtu wa kwenye kitabu, kama unavyoulizia jirani. "Hivi yule baba bado yuko vilevile?" Kama kafika atachangamka atakuambia mwenyewe, kama hajafika atasema sijamfika bado, na utaona usiku huo anakishika. Nikishauliza mara moja sirudii. Akikirudisha bila kukimaliza napokea, namuuliza kaishia wapi na nini kilimchosha, maana ile inanisaidia kumchagulia kingine. Dada mmoja wa kazini alinirudishia viwili mfululizo, kote akaniambia hawezi maelezo marefu ya mandhari, anataka watu waongee. Nkampa tamthilia. Kaisoma siku mbili, kwenye mapumziko ya mchana.

Na ikitokea kitabu ulichokisifia ukiwa ukurasa wa 84 kikaharibika ukurasa wa 150, inatokea, mwandishi anachoka au anaanza kuhubiri. Rudi kwa yule uliyemwambia umwambie ukweli, "bwana, nilikusifia mwanzo na mwanzo ni mzuri bado, ila kuanzia sura ya kumi mi nimechoka, wewe ukiendelea niambie". Siku ukimwambia kingine ni kizuri atakuamini kwa sababu ya hii.

Yule mzee jirani yangu alikaa na Kuli wiki mbili na nusu. Alikisoma zamu za usiku, wakati wa kusubiri meli, kwa tochi ya simu. Alivyokirudisha kilikuwa kimejalidiwa upya, karatasi ile ngumu ya mifuko ya saruji, kakata vizuri kabisa kona zote nne, na nyuma kwenye ukurasa wangu wa maneno kaongeza matatu yake kwa kalamu nyekundu, maneno ya bandarini ambayo mimi nilikuwa nimeyapita bila kuyaelewa. Hakikupata hata kurudi kabatini kwangu. Akaniambia kuna mwenzake wa zamu anakitaka, nkafungua daftari, akanitajia jina nkaandika, tarehe ya kurudi akasema weka mshahara wa mwezi huu.